Turubai la pamba, la PVC au la nailoni: fikiria kufua na kuziba kabla hujanunua

Mwezi wa tano, mvua zilipoachia, nilipakia maturubai matatu kwenye bajaji nikayapeleka kwa fundi wetu hapa Makambako. La kwanza la pamba, rangi ya majani makavu, ambalo baba alituachia. La pili la PVC, la Fuso letu linaloteremsha mahindi Dar es Salaam. La tatu la bluu, hili ambalo kila duka la vifaa linalo, nililomnunulia mama msimu uliopita aanikie mahindi yake.

Fundi aliyatandaza uani, akayainua moja moja kuelekea jua ili aone mwanga unapenya wapi. La baba akasema lifuliwe kwanza, halafu atalishona. La Fuso akasema nisubiri, saa mbili zinamtosha. La bluu alilibana katikati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua kidogo, akanionyesha vidole. Vilikuwa na unga wa bluu.

"Hili, mwanangu, sina pa kulishika," akasema. "Nikilitia sindano linachanika, nikilitia gundi linaachia, nikilitia moto linajikunja."

Lile la bluu ndilo lililokuwa jipya kuliko yote. Tangu siku hiyo nikienda dukani siangalii kwanza bei wala unene. Najiuliza: hili litafuliwa na nani, litaanikwa wapi, na likitoboka nani ataliziba na kwa kitu gani? Nitayalinganisha matatu haya kwa mtazamo huo.

Ni vitu gani hasa

Turubai la pamba ni kitambaa kizito cha uzi wa pamba kilichotiwa nta au dawa ya kuzuia maji. Mengi yana gramu 400 hadi 500 kwa kila mita ya mraba. Ukilitazama kwa karibu linaonekana lina matundu, na mtu asiyelijua hujiuliza litazuiaje mvua. Siri ni kwamba uzi wa pamba ukilowa huvimba, ukabana matundu yale. Likiwa kavu linapumua, likilowa linajifunga.

La PVC lina kitambaa cha polista katikati na plastiki ya PVC pande zote mbili. La lori huwa na gramu 600 hadi 700 kwa mita ya mraba, na mengine huzidi hapo. Halipumui kabisa, hewa haiingii wala haitoki.

La tatu tunaliita la nailoni, ila si nailoni, ni polithini: vikanda vyembamba vya plastiki vilivyofumwa kama mkeka, kisha vikapakwa ngozi nyembamba juu na chini. Lililo zuri lina gramu 150 hadi 200, na ya bei ya chini huwa mepesi zaidi ya hapo. Jina la nailoni limeshazoeleka, nami nitalitumia.

Kwa turubai la mita 4 kwa 6, hesabu inakupa kilo 11 hivi kwa la pamba, kilo 16 kwa la PVC, na kilo 5 au chini yake kwa la nailoni. Uzito huo ni wa likiwa kavu. La pamba lililonyeshewa usiku kucha ni mzigo wa watu wawili, na hilo lifikirie mapema kama anayelianua ni mama peke yake.

Kufua

La PVC ndilo rahisi kuliko yote. Maji ya kawaida, sabuni ya kuoshea vyombo, brashi laini, kisha suuza mpaka povu liishe. Tope la safari nzima linatoka ndani ya nusu saa. Ukungu ukishika, jiki kidogo kwenye ndoo ya maji inatosha, mradi usiiache ikaukie juu yake.

Kosa linaloyaua ni petroli. Utingo akiona doa la grisi hukimbilia petroli, thina au mafuta ya taa, na kweli doa hutoka papo hapo. Lakini PVC kwa asili yake ni ngumu, kama lilivyo bomba la maji. Turubai linakunjika kwa sababu kiwandani limechanganywa na mafuta ya kulilainisha. Petroli huyayeyusha mafuta hayo na kuondoka nayo. Leo huoni kitu, ila baada ya miezi kadhaa pale ulipofuta panakakamaa, na ukikunja panapasuka mstari. Kwa grisi tumia sabuni ya maji bila kuizimua, na kitambaa, urudie mara tatu nne. Linachosha, lakini turubai linabaki laini.

Ndugu yangu anayehudumia chumba cha wageni chenye jakuzi, lile beseni kubwa la kuogea maji ya moto, kwenye hoteli ya pwani ya Zanzibar aliniambia mfuniko wa jakuzi ni PVC hiyo hiyo, ila ndani umejazwa sponji ngumu nyeupe kama ya kufungia televisheni. Kwao adui hatoki juu, anatoka chini: mvuke wa maji ya moto wenye klorini hula mishono ya upande wa ndani, na siku sponji ikianza kunywa maji mfuniko aliouinua peke yake unahitaji watu wawili. Wao kila wakiongeza dawa kwenye maji huuacha wazi kwa muda kabla ya kuufunika, na kila wiki hufuta upande wa chini kwa maji safi. Nimelieleza hili kwa sababu na sisi huwa tunafua upande wa juu tu, ule unaoonekana. Turubai la lori lililobeba mbolea au chumvi lina uchafu wake chini.

La pamba linataka subira. Usianze na maji. Litundike, lipige kwa fimbo, lifagie kwa ufagio mkavu mpaka vumbi liishe, maana vumbi likikutana na maji linakuwa tope ndani ya uzi na halitoki tena. Baada ya hapo maji baridi na sabuni ya mche kidogo, kwenye madoa tu. Sabuni ya unga na maji ya moto huondoa nta yote, ukabaki na shuka zito linalovuja. Jiki usiiguse: hung'arisha madoa ya ukungu na wakati huo huo hudhoofisha uzi, na mshono ndio unaokatika kwanza.

Na kama nta imeshatoka? Hapa ndipo pamba inaponifurahisha, kwa sababu unaweza kuirudishia kinga mwenyewe kwa vitu vya dukani. Fundi alinifundisha njia ya wazee: kwangua sabuni ya mche, iyeyushe kwenye maji ya moto, ipake turubai zima kwa brashi, liache likauke. Kisha chukua shabu, ile ile ya kusafishia maji, iyeyushe kwenye ndoo nyingine, upake juu yake. Sabuni na shabu vikikutana ndani ya uzi hutengeneza kitu kinachofanana na nta, kisichoyeyuka tena kwa maji. Usivichanganye kwenye ndoo moja, vitagandia humo humo badala ya kugandia kwenye kitambaa.

La nailoni halifuliwi, linasuuzwa. Ngozi yake ya juu ni nyembamba sana, na brashi ngumu au kulisugulia kwenye changarawe huichubua. Ikichubuka, maji yanapita kwenye mfumo wake kama kwenye chekecheke.

Kuanika, kuanua, kukunja

Kama kuna jambo moja ambalo ningepiga magoti kukuomba, ni kukausha mpaka kwenye pindo. Katikati ya turubai hukauka kwa saa moja ya jua, lakini upindo una kitambaa mara mbili au tatu na kamba ndani, nao hubaki na unyevu mpaka jioni. Ukikunja la pamba likiwa hivyo, ndani ya siku chache linaanza kunuka harufu ya pango, na madoa meusi yanatokea. Ule ukungu unakula pamba yenyewe, kama unavyokula mbao. Fundi wetu akipokea turubai la pamba hushika pembe na kuinusa kabla ya kulikunjua, na mara nyingi anajua hali yake kwa pua tu.

PVC hailiwi na ukungu kwa namna hiyo, kwa hiyo wengi hulikunja likiwa chapa maji. Litaishi, lakini madoa ya kuvu yatajichora mistari ya mikunjo, na pete za kupitishia kamba kama ni za chuma cha kawaida zitashika kutu na kula plastiki inayozizunguka. Ubaya mwingine wa PVC ni mikunjo yenyewe. Tukilikunja kila siku kwa mistari ile ile, ufa wa kwanza utatokea hapo hapo. Badilisha mistari, au lizungushe kwenye mti kama mkeka.

Nailoni yenyewe maji hayaisumbui, jua ndilo linaloiua. Polithini isiyotiwa dawa ya kuzuia mionzi ya jua hukauka, ikapauka, ikaanza kumeguka, na ule unga kwenye vidole vya fundi ndio ulikuwa dalili ya mwisho. Lile la mama lilikaa juu ya banda la kuku tangu mavuno mpaka mvua zinaisha, kwa sababu tulisema "lipo lipo tu, acha lifunike banda". Tulilitumia kuanika kwa wiki tatu, tukaliacha juani miezi tisa bila kazi ya maana. Kosa hilo ni letu. Turubai la nailoni likimaliza kazi lianuliwe siku hiyo hiyo, likae kivulini.

Ila tusiseme plastiki yote ni dhaifu. Maturubai ya UNHCR yale meupe ya mita 4 kwa 5, yanayoonekana kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma, nayo ni polithini. Tofauti ni kwamba yamefumwa kwa uzi mweusi, yakapakwa pande zote mbili na kutiwa dawa ya kuhimili jua. Kwa hiyo ukiambiwa "la nailoni" dukani, uliza kama limetiwa dawa ya jua, na litazame kwenye mwanga. Lenye kuonyesha vidole vyako upande wa pili halifiki msimu ujao.

Kuna jambo lingine linalohusu yote matatu: tumbo la maji. Turubai lililolegea juu ya hema au kibanda hukusanya mvua katikati. Maji ya kina cha milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, yaani kilo moja. Tumbo la mita 2 za mraba lenye kina cha sentimita 10 ni kilo 200 zinazoning'inia juu ya vichwa vya watu. Nguzo huvunjika, na turubai huvutika kiasi kwamba halirudi tena umbo lake. Weka mti wa katikati, kaza kamba kabla ya mvua, na usilisukume kwa ncha ya fimbo kutokea chini. Tumia kichwa cha ufagio.

Kuziba na kushona

Kwa pamba kazi ni ya shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi. Fundi hukata kiraka cha pamba chenye uzito ule ule, maana kiraka kizito kuliko turubai huvuta na kupasua pembeni mwake. Kingo za kiraka hukunjwa ndani zisifumuke, mishono miwili inazunguka, mmoja ukingoni na mwingine ndani kidogo ya ule wa kwanza. Uzi anaoupenda una polista katikati na pamba nje. Polista inabeba nguvu na inahimili jua kuliko nailoni, na ile pamba ya nje ikilowa inavimba na kuziba tundu la sindano. Kabla ya kushona anauburuza uzi juu ya kipande cha nta. Akimaliza anapaka nta juu ya mshono wote. Kazi hii mtu yeyote mwenye subira anaweza kujifunza, haihitaji umeme, na inaweza kurudiwa miaka na miaka. Turubai la baba lina viraka kumi na vinne, nimevihesabu, na kitambaa kilichobaki bado kigumu.

Kwa PVC sindano iwe njia ya mwisho. Kila tundu la sindano ni njia ya maji, na mstari wa matundu ni kama umemwonyesha upepo pa kuchania. PVC huunganishwa kwa joto. Nilikaa kwenye stuli nikamtazama fundi akiziba mpasuko wa sentimita 30 kwenye la Fuso. Kwanza alifuta pande zote kwa spiriti, akasubiri zikauke. Akakata kiraka kipana kuliko mpasuko kwa sentimita 5 kila upande, akazungusha pembe zote kwa mkasi. Nilimuuliza kwa nini, akasema pembe kali ndiyo inayobanduka kwanza, na ikishabanduka inafuatwa na nyingine zote. Kisha akashika mashine yake ya hewa moto, ile inayofanana na ya kukaushia nywele ila hewa yake inafika nyuzi joto 400 hadi 500, akaingiza mdomo wake katikati ya kiraka na turubai. PVC ilipoanza kung'aa kama imelowa, akapitisha rola ya mpira papo hapo, taratibu, akitoka katikati kwenda nje ili hewa isibaki ndani. Kama PVC haijang'aa haijashika. Ikianza kugeuka kahawia na kutoa moshi mkali, imeungua, na moshi huo una tindikali, si wa kuvuta. Ndiyo maana hufanya kazi hii nje. Alipomaliza akageuza, akaweka kiraka kingine upande wa ndani. Lilipopoa alijaribu kukibandua kwa ukucha. Hakikubanduka.

Ukiwa njiani na mashine huna, kuna gundi ya PVC laini. Sikiliza hapa: gundi ya mabomba siyo hiyo. Nayo inashika PVC, lakini ikikauka inakuwa ngumu kama bomba lenyewe, turubai likikunjwa mara mbili tatu linapasuka pembeni mwa kiraka, na sasa una shimo kubwa kuliko la mwanzo. Gundi ya kuzibia mabwawa na maboti ya mpira wa PVC ndiyo inayobaki laini.

Kwa nailoni hadithi ni fupi. Polithini haikubali gundi, hata ile ya viatu inayoshika kila kitu. Sindano inaichana. Kilichobaki ni mkanda wa gundi, pande zote mbili, juu ya sehemu safi na kavu, ukitambua kuwa ni wa muda. Lakini kwa pete zilizong'oka kuna ufundi mmoja mzuri kweli, na hautoboi kitu: chukua kijiwe laini au kipande cha gunzi, kiweke nyuma ya turubai karibu na ukingo, likunje likizunguke kama unavyofunga kichwa cha mwanasesere wa kitambaa, halafu funga kamba shingoni. Kamba inavuta jiwe, jiwe linavuta turubai lote, na hakuna tundu la kuanzia kuchanika. Nimelifunga hivyo juu ya mbuzi kwenye pikapu mpaka Njombe, na upepo haukulitoa.

Kwa kazi ipi, lipi

Kwa lori, PVC. Sina mjadala hapo. Pamba nzuri ingefaa, lakini ikilowa Mbeya itafika Iringa bado imelowa, na uzito wote huo uko juu ya mzigo wako. Ila PVC ya lori haichanwi na mvua, inachanwa na pembe za bodi, misumari, na kupigapiga kwa upepo. Kila pembe iwekee kipande cha tairi kuukuu au gunia. Kama unatumia maturubai mawili, la mbele lilalie la nyuma, ili upepo unaokuja mbele uteleze juu na usipate mdomo wa kuingilia. Na badala ya kukaza kwa kamba ya katani tupu, tia mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu. Mpira unanyumbuka upepo unapovuta, ukateremka Kitonga bila pete hata moja kung'oka.

Tahadhari moja: kwa sababu PVC haipumui, mahindi yenye unyevu yatatoa jasho chini yake. Ukipakia Sumbawanga mchana wa jua kali na ukalala Makambako kwenye baridi, asubuhi fungua pembe moja upitishe kiganja upande wa ndani. Kama kinalowa, yale mahindi ya juu yananyeshewa mvua ya kutokea ndani. Dawa yake haiko kwenye turubai, iko kwenye kukausha kabla ya kupakia.

Na kukausha ndiko kunakonifanya niandike kwa uchungu, kwa sababu turubai la kuanikia mahindi ni jambo la uhai. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara. Kuvu wanaotengeneza sumu hiyo wanapenda punje yenye unyevu iliyogusa udongo. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atumie chupa: tia chumvi kavu na punje ndani ya chupa kavu ya kioo, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado.

Kwa kuanika, pamba haifai chini. Inanyonya unyevu wa ardhi na kuupeleka kwenye punje. Nailoni nzima, iliyotiwa dawa ya jua, inafaa, ni nyepesi kuianua wingu likijikusanya, na mama anaiweza peke yake. Lakini ikianza kutoa unga, hata kama haijachanika, iondoe kwenye chakula: ule unga unabaki kwenye punje na unakwenda mashineni. PVC inafaa na inadumu, na ndogo ya mita 3 kwa 4 bado inabebeka. Usianikie kamwe kwenye turubai la lori lililowahi kubeba saruji, mbolea au dawa za shamba, hata ukilifua mara saba. La chakula liwe la chakula.

Kwa shughuli, harusi na matanga, nimeona watu wakigawanyika. Hema la pamba ni la baridi mchana na halina ile joto ya kufukuta ambayo PVC huwatia wageni kufikia saa nane. Ila kufua hema zima la pamba baada ya mvua na matope ya msiba ni kazi ya siku tatu, na anayekodisha wikiendi kwa wikiendi hana siku tatu. Kama unakodisha, nunua PVC, uache pembeni wazi hewa ipite. Kama ni la ukoo, linatoka mara nne tano kwa mwaka, nunua pamba, mradi kuna mtu mmoja mwenye jina aliyepewa jukumu la kulianika. Jiko liwe mbali kwa vyovyote: pamba yenye nta inashika moto upesi, na polithini ikiungua hudondosha matone ya moto.

Nailoni kwa hema la watu wengi sikushauri kabisa. Kwa kufunikia matofali, mchanga au kuni kwa miezi miwili, sawa, hakuna sababu ya kutumia pesa nyingi.

Dukani, nenda na chupa ya maji na dakika kumi. La PVC likunje kwa nguvu, lifungue, utazame kama mkunjo umeacha mstari mweupe; mstari ukibaki, limeshaanza kukauka likiwa bado dukani. Kwaruza kwa ukucha uone kama plastiki inaachana na kitambaa. La pamba mwagia maji, kisha pitisha kidole upande wa chini. La nailoni linyanyue kwenye mwanga, uhesabu pete na uone kama zimekaa juu ya upindo wenye kamba ndani, au kwenye plastiki tupu. Muuzaji akikukataza kumwagia maji turubai la mvua, jirani yake naye anauza.

Mama nilimnunulia la PVC la mita 3 kwa 4, jeupe, nikaandika kwenye pembe kwa rangi: MAHINDI TU. La Fuso lilirudi barabarani siku ile ile. La baba lilichukua wiki, kwa sababu nililifua mwenyewe, fundi akalishona viraka viwili, halafu nikalipaka sabuni na shabu kwa mikono yangu. Lilipokauka kwenye kamba nikalimwagia kata moja ya maji. Yalijikusanya matone matone, yakabingirika mpaka chini kama juu ya jani la mgimbi.